Mahali Mawe Yanapoishia: Tangi la Sikilidi na Majani Mjini Kigoma

Anayetaka kufuga nyumbani sikilidi wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa sato na ngege tunaowala, huambiwa mapema kwamba achague kati ya samaki na majani. Huelezwa kuwa samaki hawa huchimba na kung'oa kila kilichopandwa, kwamba maji yao yana magadi mengi kuliko mimea inavyoweza kustahimili, na kwamba tangi linalowafaa ni lundo la mawe, mchanga kidogo na taa. Naliheshimu tangi la mawe, na nimeyaona mengi yaliyotunzwa vizuri, lakini ushauri huo siukubali, na sababu yangu iko ziwani kwenyewe. Ufukwe wa Tanganyika si miamba mitupu. Katika ghuba zinazokingwa na upepo, na karibu na midomo ya mito kama Luiche na Malagarasi, kuna maeneo ya mchanga yaliyoota majani marefu membamba ya Vallisneria, na pamoja nayo Potamogeton, Hydrilla na Ceratophyllum, na samaki wamo humo wakila, wakijificha na kulea watoto wao. Mimea hiyo iliyazoea maji hayo ya magadi zamani sana, kabla hajatokea mtu wa kumtia samaki ndani ya kioo.

Naamini kwamba tangi kubwa lenye majani na sikilidi wa Tanganyika linawezekana, tena ndilo lililo salama zaidi kwa samaki wenyewe, ilimradi mfugaji aige sehemu moja tu ya ziwa badala ya kukusanya uzuri wa ziwa zima, na ilimradi majani yatangulie samaki. Sehemu niliyoichagua mimi ni pale mawe yanapoishia na mchanga unapoanza, ambapo majani huota kwa vichaka na magamba ya konokono hulala yametawanyika katikati yake.

Kuchagua sehemu moja ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Ziwa letu lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, lakini oksijeni haishuki hadi huko chini. Samaki wote wanaishi katika tabaka la juu, lisilozidi sana mita 100 upande wa kaskazini na karibu mara mbili ya hapo upande wa kusini. Katika tabaka hilo jembamba kuna takriban spishi 240 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wamegawana makazi kwa ukali mkubwa: wako wanaokwangua mwani juu ya mawe, wanaochuja mchanga kwa matamvua, wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, wanaoelea kwenye maji wazi wakila vijidudu, na wako hata wanaoishi kwa kunyofoa magamba ya ngozi ya samaki wenzao. Huyu wa mwisho, Perissodus microlepis, ana mdomo uliopinda kulia au kushoto kulingana na ubavu anaoushambulia, jambo ambalo mtafiti wa Kijapani Michio Hori alilieleza mwaka 1993. Mtu akichukua samaki watano kutoka makazi matano tofauti na kuwatia katika tangi moja kwa sababu rangi zao zimempendeza, amewalazimisha wasiojuana kuishi chumba kimoja, na ugomvi utakaofuata hautakuwa kosa la samaki.

Kwa msingi huo niliwaacha samaki wengi ninaowapenda. Kuhe, ambaye sisi wa Kigoma humjua zaidi akiwa sahanini, ndiye sikilidi mkubwa kuliko wote ziwani, na hakuna tangi la nyumbani linalomtosha. Cyphotilapia frontosa mwenye nundu kichwani na milia mipana, ambaye aina ya hapa Kigoma inatafutwa na wafugaji wa nchi nyingi, hufikia sentimita 30, huishi kwenye kina kirefu kuliko mahali ninapopaiga, na hula samaki wadogo. Tropheus wanaishi kwa mwani wa miambani, wana utumbo mrefu unaodhurika kwa chakula chenye protini nyingi, na wakifugwa wachache humaliza mnyonge wao kwa kumfukuza mchana kutwa. Neolamprologus brichardi niliwaacha kwa uchungu zaidi. Hao huishi kama ukoo: watoto wa uzao wa kwanza hubaki kwa wazazi na kuwasaidia kulinda mayai na wadogo zao, tabia iliyoelezwa kisayansi na Michael Taborsky na Dominique Limberger mwaka 1981. Lakini ukoo unaokua ndani ya kuta nne za kioo hauna pa kuhamia, na baada ya muda kila samaki asiye wa ukoo huo hubanwa kwenye kona hadi afe. Samaki wa namna hiyo anastahili tangi lake peke yake.

Tangi lenyewe lina urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60, ambayo ni lita 648 likijazwa pomoni. Ukijumlisha maji, kioo cha milimita 12, mchanga na mawe, uzito unakaribia kilo 900, kwa hiyo liko juu ya meza ya chuma, kwenye sakafu ya zege iliyokaa moja kwa moja juu ya ardhi, na chini ya kioo kuna karatasi nene ya povu inayomeza kasoro ndogondogo za meza. Mtu akitengenezewa na fundi vioo wa mtaani, kama nilivyofanya mimi, jambo la kusimamia kwa macho yote mawili ni silikoni. Silikoni nyingi za bafuni zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Inatakiwa isiyo na dawa, na iachwe ikauke kwa wiki nzima kabla ya kutiwa maji. Ukubwa ninaousisitiza si wa fahari. Urefu wa sentimita 180 unawapa samaki nafasi ya kuwekeana mipaka, na wingi wa maji huzuia joto na kemia visibadilike ghafla.

Sasa nije kwenye majani, ambako ndiko wengi hukata tamaa. Mfugaji wa mimea katika nchi za nje hutumia mtungi wa hewa ya ukaa, akiyapulizia maji ili majani yapate kaboni. Katika maji ya Tanganyika utaratibu huo unagongana na samaki, kwa kuwa hewa hiyo hushusha pH, yaani kipimo cha uchachu na magadi ya maji, na sikilidi hawa wanataka pH kati ya 8.5 na 9. Katika maji ya namna hiyo hewa ya ukaa iliyo huru ni kidogo mno. Kaboni karibu yote iko katika umbo la baikaboneti. Mimea mingi ya madukani haina uwezo wa kuitumia, hivyo hunyauka, na mwenye tangi hudhani samaki ndio waliomharibia. Vallisneria, Hydrilla, Ceratophyllum na Potamogeton wanaiweza. Wanaivunja baikaboneti majini na kuchukua kaboni yake, na ushahidi unauona kwa macho na kuugusa kwa kidole: jani kuukuu la Vallisneria huota ganda jembamba jeupe, lenye mkwaruzo wa msasa laini, na ukilikuna linatoka kama unga. Hilo ni chokaa, lililobaki baada ya jani kula. Wageni wengi hudhani ni ugonjwa. Mimi hulihesabu kuwa dalili ya afya, na majani yaliyozidi ganda huyakata kwa mkasi karibu na shina ili mapya yapate mwanga.

Tatizo halisi la majani katika maji haya ni chuma. Katika pH ya juu, madini ya chuma yaliyomo majini huganda na kutulia chini, na majani machanga hutoka yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Dawa ya kumimina majini haisaidii kwa muda mrefu. Inayosaidia ni kulisha mizizi kule chini ya mchanga ambako oksijeni ni kidogo na chuma hubaki katika hali ambayo mzizi unaweza kuinyonya. Ninatumia udongo wa mfinyanzi mwekundu, uliofinyangwa vidonge vidogo na kukaushwa juani, ambavyo huvisukuma kwa kidole hadi karibu na mizizi. Mchanga wenyewe ni mlaini, wa unene wa sentimita sita hivi, na kila kichaka kimezungukwa na mawe bapa yanayolinda shina. Mawe hayo ndiyo jibu la malalamiko kwamba sikilidi hung'oa majani: samaki huchimba pale anapoona mchanga ulio wazi, na akikuta jiwe husogea pembeni.

Anayechuma mimea ziwani kama sisi ana wajibu mmoja zaidi. Konokono wa maji matulivu yenye majani wanaweza kubeba kichocho, na mkono unaoingia tangini kila wiki ni mlango wake. Vimelea vinavyoelea majini hufa ndani ya siku mbili hivi, lakini konokono aliyeambukizwa huendelea kuvitoa siku hadi siku. Kwa hiyo mimea hukaa kwanza kwenye beseni, hukaguliwa jani kwa jani, na kila konokono na kila utelezi wa mayai yake huondolewa kabla mmea haujafika kwenye tangi.

Kisha mimea huachwa peke yake kwa miezi kadhaa. Najua jinsi tangi lisilo na samaki linavyomchosha mwenye nyumba na jinsi watoto wanavyouliza kila siku samaki watakuja lini, lakini hapa sitaki mtu afanye haraka, na sababu yake ni amonia. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, nayo majini huwa na sura mbili: moja yenye madhara madogo, nyingine sumu kali inayochoma matamvua. Kinachoamua uwiano wake hasa ni pH. Katika maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7, sumu hiyo haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Katika pH 9, inazidi theluthi moja. Ndiyo kusema kwamba uchafu uleule ambao perege katika maji ya kawaida angeustahimili bila kuonyesha dalili yoyote, kwa samaki wa Tanganyika unaweza kuwa kifo cha usiku mmoja. Bakteria wa kwenye chujio hufanya kazi ya kuigeuza amonia hadi iwe nitreti, lakini huchukua wiki nyingi kuongezeka, na umeme ukikatika saa nyingi huanza kufa. Majani hayasubiri umeme kuifyonza. Kwao amonia ni chakula, na mingi ya mimea hii huichukua kabla ya kugusa nitreti. Ceratophyllum, usio na mizizi, hupata chakula chake chote majini, ndiyo maana nimeuacha uelee juu kwenye kona moja na kuupunguza kila unapofunika mwanga. Hii ndiyo sababu nasema tangi lenye majani ni salama zaidi kwa samaki hawa kuliko wengine wowote. Maji yao ndiyo yanayoihitaji kinga hiyo kupita yote.

Samaki nilio nao ni wa aina tatu. Juu, kwenye maji wazi, kuna kundi la Cyprichromis leptosoma, wembamba, madume yao yakiwa na bluu inayometa na baadhi mkia wa njano. Jike hutaga yai moja moja katikati ya maji, hugeuka na kulidaka kwa mdomo kabla halijafika chini, na huatamia mdomoni hadi watoto waweze kujitegemea. Samaki hao huruka wakishtuka, hivyo tangi lina mfuniko usio na upenyo. Upande wa mawe kuna Julidochromis regani wawili, wanaotembea wameligeuzia jiwe tumbo, hata kama jiwe hilo ni paa la pango na inawabidi waogelee chali.

Lakini samaki anayenifanya nivute kiti na kukaa ni Lamprologus ocellatus. Dume kubwa halizidi sana sentimita 5, jike ni dogo zaidi, na kila mmoja ana doa lenye ukingo wa dhahabu kwenye kifuniko cha tamvua. Nyumba yake ni gamba tupu la Neothauma tanganyicense, konokono anayepatikana Tanganyika tu, ambaye magamba yake mtu huyaokota ufukweni. Mpe samaki huyu gamba lililolala juu ya mchanga, halitabaki hivyo. Hulizunguka kwanza na kulichungulia. Kisha huanza kuchota mchanga chini yake kwa mdomo, mdomo baada ya mdomo, na kuutema pembeni, hadi gamba linazama na kuinama, tundu likitazama juu. Likiwa halijakaa anavyotaka, hulishika ukingoni kwa meno na kulivuta. Mwishoni hugeuka, hukita kidevu chini na kupiga mkia kwa kasi, akirusha mchanga mgongoni mwa gamba mpaka lote limefukiwa na kilichobaki wazi ni tundu peke yake, usawa wa sakafu. Kazi hiyo yote inaweza kumalizika alasiri moja. Jike hutaga ndani kabisa, dume humwaga mbegu mlangoni, na baada ya siku kama kumi watoto huanza kuonekana kwenye ukingo wa tundu, wote wakitazama nje. Mama huwalinda hata dhidi ya mkono wa mtu. Mkono wangu ameuma mara nyingi, naye ni mfupi kuliko kidole changu.

Vallisneria hueneza vikonyo chini ya mchanga, na kikonyo kikichomoza karibu na gamba, samaki huyu hukifukua na kukiacha kielee. Hapo ndipo wanaposema sikilidi huharibu majani. Mimi naona anafagia uwanja wake. Kwingine kote majani hustawi bila kuguswa, na mpaka kati ya uwanja wa magamba na kichaka umechorwa na samaki wenyewe, kwa ustadi ambao mimi nisingeufikia.

Maji hayanipi shida, kwa kuwa bomba la Kigoma hutoa maji ya ziwa hilihili. Huyaacha kwenye pipa usiku kucha yakipulizwa hewa ili klorini itoke. Mfugaji wa hapa hahitaji hita pia. Cha kuangalia ni uvukizi. Maji yanayopaa huacha chumvi zake nyuma, na ukijazia yaliyopungua kwa maji ya bomba, magadi huongezeka mwezi baada ya mwezi. Yaliyopaa hujazwa kwa maji ya mvua. Yanayotolewa kwa kusafisha hujazwa kwa maji ya ziwa. Usiku, majani nayo hutumia oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa inaendeshwa kwa betri ya sola na haizimwi, umeme uwepo usiwepo.

Shemeji yangu anayeishi Tabora amelipenda tangi hili na anataka lake, na kwake hesabu ni tofauti. Maji ya Ziwa Victoria yaliyofikishwa Tabora kwa bomba ni laini mno kwa samaki wa huku. Nimemweleza ayatengeneze kwenye pipa kabla ya kuyatia tangini: kama gramu 50 za baikaboneti ya sodiamu, ileile ya kuumulia keki, na gramu 40 za chumvi ya Epsom kwa kila lita 100, kwa kuwa Tanganyika ina magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Samaki wakishaingia asibadilishe kipimo hicho kwa ghafla.

Nimemwomba pia asinunue samaki kwa mtu asiye na leseni. Ukamataji wa samaki hai kwa biashara ya mapambo unasimamiwa na sheria ya uvuvi, na katika Hifadhi ya Milima ya Mahale hata ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka nchi kavu ni sehemu ya hifadhi. Na samaki aliyekwisha kufugwa asirudishwe ziwani kamwe. Tropheus peke yao wana makumi ya aina za rangi, kila moja na kipande chake cha ufukwe, wakitenganishwa na ghuba ya mchanga ambayo hawathubutu kuivuka. Mtu mmoja mwenye ndoo na huruma anaweza kuchanganya katika asubuhi moja kile ambacho ziwa limekitenganisha kwa maelfu ya miaka. Huruma hiyo imewahi kuniudhi kuliko ukatili.

Watoto wa ocellatus wanapozidi uwanja, mama huanza kuwafukuza, na hapo mimi huwatoa niwape wafugaji wengine wa hapa mjini. Kuwakamata kwa wavu ni kujisumbua na kuwaumiza, maana kila mmoja hukimbilia gamba. Nami humchukua na gamba lake: hulifukua taratibu, huliweka ndani ya bakuli palepale chini ya maji, tundu likiwa limetazama juu ili hewa isinaswe ndani, na bakuli hulitoa likiwa limejaa. Hupeleka pia shada la Vallisneria lililofungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, na kama tangi analokwenda bado halijapandwa, shada hilo hutangulia na samaki hubaki kwangu hadi mizizi ishike.